RAM imeandikwa 3200, kompyuta inasoma 2666: niliyoyaona kwenye meza ya ufundi

Swali ambalo nimeulizwa kuliko yote tangu nianze kushika bisibisi ni hili, "fundi, mbona RAM yangu imeandikwa 3200 afu kompyuta inaonyesha 2666, nimepigwa?" Na mara nyingi jibu ni hapana, hujapigwa, RAM ni nzima na ni ya 3200 kweli, ila haijiamulii yenyewe. Spidi wanakubaliana watatu, RAM yenyewe (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), prosesa (ubongo wake) na mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote), na inayopita ni ile ya aliye chini kabisa kati yao. Kama ushawahi kupanda mlima Kitonga nyuma ya semitrela unanielewa, basi lako liwe jipya vipi, injini kali vipi, utamfuata huyo wa mbele mpaka juu.

Kuna kijana mmoja alijikusanyia hela ya kompyuta ya gemu kwa muda mrefu, akanunua prosesa ya i5-10400, bodi ya H410, na RAM mbili za GB 8 za 3200 zile zenye taa za rangi zinazobadilika. Akaingia BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows) akawasha XMP, ule mpangilio wa kuipa RAM spidi ya kwenye boksi, kama alivyoona kwenye vidio, akazima akawasha, bado 2666. Akarudia, bado. Akaja kwangu na risiti mkononi, kavimba kweli, anataka nimsindikize dukani tukamkabe muuzaji kwamba kauziwa feki. Nikamwambia kaa kwanza mdogo wangu, tukafungua ukurasa wa Intel wenyewe, waliotengeneza hiyo prosesa, tukatafuta i5-10400, imeandikwa wazi DDR4-2666 (DDR3, DDR4, DDR5 ni vizazi vya RAM). Angekuwa na i7-10700 kwenye bodi hiyohiyo, bila kubadili RAM, angepata 2933. Na hiyo H410 ni chipseti, yani chipu kuu ya bodi, ambayo Intel hawakuipa ruhusa ya kupandisha RAM juu ya kiwango cha prosesa, kizazi kile ruhusa ilikuwa kwenye Z490 tu, hata B460 na H470 ambazo watu wanaziona ni bodi za maana hazikuwa nayo. Kwaiyo XMP aliyokuwa anaiwasha ilikuwa inawaka kwenye menyu basi, prosesa na bodi zinaikata spidi palepale 2666.

Cha kuudhi ni kwamba mwaka uliofuata, 2021, Intel wakalegeza. B560 ikaruhusiwa, na i5-11400 yenyewe ikapewa 3200 kama kiwango chake cha kawaida, kwaiyo hata ukiiweka kwenye H510 ambayo bado imefungwa unapata 3200 bila kugombana na mtu. Ndo maana mi nakwambia ukisikia mtu anasema "i5 inachukua RAM ya spidi gani" muulize i5 ipi, kwasababu i5 ni jina la ukoo tu, ndani yake kuna wa 1333 na kuna wa 5600.

Yule kijana alitulia baada ya kuelewa ila akauliza swali zuri, sasa hizi RAM nizirudishe? Nikamwambia kaa nazo. Ana kadi ya picha ya pembeni, kwa gemu anazocheza tofauti ya 2666 na 3200 hataiona kwa macho, na akija kubadili bodi na prosesa RAM zake bado zina maisha. Kama angeniuliza kabla ya kununua ningemwambia achukue za 2666 zisizo na taa, chenji aongezee kwenye SSD. Lakini hizo taa nadhani ndo alizozipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye hiyo kompyuta, na mi siwezi kumlaumu.

Sasa kwanini prosesa ndo inashika rungu? Zamani haikuwa hivyo. Enzi za Core 2 Duo kidhibiti cha RAM kilikuwa kwenye mazabodi, kwenye ile chipu kubwa karibu na prosesa yenye kipoozeo chake, kwaiyo ukitaka kujua RAM gani inaingia unaangalia bodi unamaliza. AMD, wapinzani wa Intel, ndo walianza kukihamishia ndani ya prosesa kwenye kompyuta za kawaida, Athlon 64 mwaka 2003, Intel wakafuata 2008 na Core i7 za kwanza. Tangu hapo bodi imebaki na sloti, nyaya zake za ndani na BIOS, ila anayeongea na RAM moja kwa moja ni prosesa. Mafundi wengi wa zamani, hata wazuri, bado wana tabia ya kuangalia bodi peke yake, na hapo ndo wateja wanapotea.

Hili jambo nimelithibitisha kwa mikono yangu kwenye bodi za H61 ambazo zimejaa mtaani mpaka leo. Una H61 na i3-2100, umeweka RAM ya 1600, inasoma 1333, kwasababu kizazi cha pili cha Intel mwisho wake ni 1333. Sasa mteja anakuja anataka kupandisha prosesa, unasasisha BIOS kwanza maana H61 nyingi za mwanzo hazikitambui kizazi cha tatu bila hivyo, unatoa i3-2100 unaweka i5-3470, hujagusa RAM kabisa, unawasha unakuta 1600. RAM ileile, sloti ileile. Mteja anadhani nimeweka RAM nyingine kisirisiri! (Kuhusu kusasisha BIOS, tafadhali, kama huna UPS (betri ya akiba) usijaribu siku ambayo umeme unachezacheza. Bodi ikizimika katikati ya hiyo kazi unabaki na kipande cha plastiki, isipokuwa uwe na mtu mwenye kifaa cha kuandika chipu ya BIOS upya.)

Afu kuna wale ambao wanapakua CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya ndani ya kompyuta, wanafungua sehemu ya Memory, wanaona 798 au 800 na wanakuja mbio. RAM ya 1600 inasoma 800, hiyo ni nusu, fundi! Ndiyo ni nusu na ndo inavyotakiwa. DDR inapeleka data mara mbili kwa kila pigo moja la saa yake, kwaiyo saa inapiga 800 na data zinapita 1600. CPU-Z inaonyesha saa, stika inaonyesha data. Ukiona 1333 ujue unayo ya 2666, ukiona 1600 ni 3200. Zidisha mbili ulale.

Stika nazo zinachanganya kwasababu zina namba za aina mbili. Kuna RAM imeandikwa 1600 na nyingine imeandikwa PC3-12800, ni kitu kilekile, chukua 1600 zidisha 8 unapata 12800, yani megabaiti kwa sekunde. PC3-10600 ni 1333, PC4-19200 ni 2400, PC4-25600 ni 3200. Ila kitu muhimu zaidi kwenye stika, ambacho watu hawaangalii kabisa, ni herufi. PC3-12800U ni ya desktopu ya kawaida. PC3-12800S ni ya laptopu. PC3-12800R ni ya seva, na hiyo R imewalia hela watu wengi sana.

Ngoja niielezee hiyo R. Seva zikitolewa kazini huko Ulaya na kwingine RAM zake zinauzwa bei ya kutupa, unakuta ya GB 16 ya DDR3 bei yake inakaribia ya GB 8 ya kawaida. Mtu anaona dili, anachukua mbili. Zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, pini 240 kama za kawaida, mkato wa katikati ya pini uko palepale, hakuna kinachokuzuia. Unawasha, feni zinazunguka, kioo cheusi, bodi inapiga mlio au inakaa kimya. Hizo RAM zina chipu ya ziada katikati ambayo amri za prosesa zinapitia kwanza kabla ya kufika kwenye chipu za kumbukumbu, na prosesa ya i3, i5, i7 haijui kuongea na RAM ya namna hiyo. Hakuna mpangilio wa BIOS utakaokusaidia hapo. DDR4 ni hivyohivyo, inaingia lakini haiwaki. Kwenye DDR5 angalau wamebadili mkato, ya seva haiingii kwenye bodi ya kawaida, na mi nadhani hilo walitakiwa kulifanya tangu zamani.

Kuna na ile nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuigundua maana haina herufi ya kukushtua, RAM za DDR3 za desktopu zinazouzwa "za AMD tu". Hizi nimezishika mara nyingi. Kwa nje ni RAM ya kawaida ya GB 4 au GB 8 yenye chipu 16, mpya, inang'aa, bei chini. Shida ni kwamba chipu zake zina upana wa biti 4, wakati RAM za kawaida za desktopu chipu zina upana wa biti 8, na vidhibiti vya Intel vya desktopu havikubali hizo za biti 4. Prosesa za AMD za wakati ule zinazikubali. Kwaiyo muuzaji akiijaribu kwenye mashine yake ya AMD inawaka safi, hajakudanganya, we ukiipeleka kwenye i5 yako inagoma. Sasa mtu anasema RAM imekufa njiani. Haijafa. Unapoona RAM mpya ya DDR3 ina bei ambayo haieleweki, uliza kama ni ya Intel au ya AMD, na kama muuzaji anashangaa swali lako, omba iwekwe kwenye Intel mbele yako.

G41 nazo, zile bodi za Core 2 Duo zenye sloti mbili za DDR3, zina la kwao. Mwisho wake ni GB 8, yani 4 na 4, lakini sio kila RAM ya GB 4 inakubali. Zinataka zenye chipu 16, nane kila upande, kwasababu kidhibiti chake hakijui chipu zenye ujazo mkubwa zaidi ya hapo. Ukiweka ya GB 4 yenye chipu nane tu upande mmoja, ambazo ndo nyingi sokoni, ama haiwaki ama inasoma nusu. Saivi ukiniletea G41 nitakushauri uiache ipumzike, lakini kuna shule na ofisi bado zinazo na zinafanya kazi, kwaiyo nimeliweka tu hapa kwa wenye uhitaji.

Tuje kwenye laptopu. Hapa spidi sio tatizo kubwa, tatizo ni voliti. DDR3 ya kawaida inataka voliti 1.5, DDR3L inataka 1.35, hiyo L ndo habari yote. Laptopu za prosesa za Intel za kizazi cha tatu zinakubali zote mbili. Za kizazi cha nne, mfano HP EliteBook 840 G1 ambayo kila mwanafunzi wa chuo ameshawahi kuimiliki au kuiazima, zinataka L peke yake. Mtu anatoa RAM kwenye laptopu ya zamani ya kaka yake, pini 204 zilezile, inaingia bila shida, anawasha, taa ya Caps Lock inaanza kupepesa na kioo hakileti kitu. Anaamini ameua laptopu. Toa hiyo RAM weka yenye PC3L, inawaka kama hakuna kilichotokea. Kinyume chake hakina shida, ya L inafanya kazi kwenye mashine ya voliti 1.5, kwaiyo mi dukani naweka za L tu, inanipunguzia maelezo.

Na kabla hujanunua RAM ya laptopu fungua kwanza uone sloti ziko ngapi. ThinkPad T440s kwa mfano ina GB 4 zimechomelewa kwenye bodi na sloti moja tu, kwaiyo ukiweka ya 8 unafika 12 na hapo ndo mwisho, usije ukaniletea RAM mbili. Kizazi hicho hakichukui RAM ya DDR3 ya GB 16 kwenye sloti moja, prosesa inagoma, sio kwamba hujaisukuma vizuri.

EliteBook 840 G3 ndo imenifundisha jambo la kuwatuliza watu. Ni DDR4, prosesa kama i5-6300U mwisho 2133. Sokoni za 2133 zimeanza kuadimika, unapata za 2400, 2666, 3200, na mteja anaogopa, "fundi hiyo 3200 si itaunguza mashine?" Haiunguzi kitu. Kwenye kila RAM kuna kachipu kadogo kanaitwa SPD kenye jedwali la spidi ambazo hiyo RAM inaweza kwenda, BIOS inalisoma wakati wa kuwaka na kuchagua ile ambayo prosesa inaiweza. Ya 3200 inashuka inakwenda 2133 na maisha yanaendelea. Ukichanganya ya 2133 na ya 2666, zote mbili zinakwenda 2133. Kwaiyo usilipe zaidi kwa ajili ya 3200 kwenye hiyo mashine, lakini kama ya 3200 ndo iliyopo na bei ni ileile, chukua bila wasiwasi.

Sasa upande wa pili wa shilingi ni watu ambao mashine yao inaweza na wao hawajui. Kuna jamaa ana prosesa ya AMD, Ryzen 5 3600, na bodi ya B450, RAM za 3200 mbili, amecheza nazo gemu muda mrefu tu, kaleta mashine kwa ajili ya vumbi na kubadili pesti ya prosesa. Nimefungua Task Manager ya Windows nione kama joto limeathiri kitu, naona Memory inasoma 2400. XMP haijawahi kuwashwa tangu siku ya kwanza! RAM za gemu zikiwekwa kwenye bodi kwa mara ya kwanza zinaanza na spidi ya kawaida ya viwango vya JEDEC (chama kinachopanga viwango vya RAM), 2133 au 2400 au 2666, hiyo 3200 ya kwenye boksi iko ndani ya XMP na inataka uiwashe mwenyewe, kwenye bodi nyingine za AMD wanaiita DOCP. Ina voliti 1.35 badala ya 1.2, hivyo bodi haiwezi kuamua yenyewe kukuwekea. Nikawasha, 3200. Bure kabisa. Na kwa Ryzen hii ina maana kubwa kuliko kwa Intel, kwasababu njia ya ndani inayounganisha vipande vya prosesa inakwenda sambamba na saa ya RAM, RAM ikilala na yenyewe inalala. Ila usivuke mipaka, kwa hizo Ryzen za 3000 na 5000 ukishapita 3600 hivi ile njia ya ndani inashindwa kufuata, kidhibiti cha RAM kinashuka kwenda nusu ya saa ya RAM, na unaweza kununua RAM ya 4000 kwa hela nyingi ikawa nzito kuliko ya 3600.

Kitu kingine ambacho namba kubwa ya spidi inakificha ni CL, idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data. Kuna 3200 ya CL16 na 3200 ya CL22, bei tofauti, na mteja anasema si zote 3200? Chukua CL zidisha 2000 gawa kwa spidi, unapata muda wa kusubiri kwa nanosekunde. CL16 ni 10, CL22 ni 13.75. Sasa chukua DDR3 ya 1600 CL11 piga hesabu hiyohiyo, unapata 13.75, yani ile 3200 ya bei rahisi inasubiri sawasawa na DDR3 ya zamani, ilichozidi ni wingi wa data inazobeba ikishaanza. Kwa kazi za ofisi haikuhusu. Kwa gemu inakuhusu kidogo.

Lakini kama una hela kidogo na unataka kuona mabadiliko, achana na spidi, weka RAM mbili badala ya moja. Nina mteja ana steshenari, anachapa, anatoa kopi, watoto wa shule wanatafuta matokeo kwake. Ana Dell OptiPlex 7010 ya i5-3470 yenye RAM moja ya GB 4 ya 1600. Akaja amesikia kuna DDR3 za 1866 anataka hizo ili mashine iwe nyepesi. Nikamwambia mama, hiyo prosesa mwisho 1600, ukiweka 1866 utailipa na hutaipata. Nikamwekea nyingine ya GB 4 palepale kwenye sloti ya pili ya jozi. Hesabu yake ni hii, RAM moja ya 1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, mbili zikikaa kwenye chaneli mbili, yani kila moja na njia yake ya kwenda kwenye prosesa, zinapitisha 25.6. Hakuna namna ungepata hiyo kwa kubadili 1600 kuwa 1866, hata kama ingekubali. Na kwasababu hana kadi ya picha ya pembeni, picha za kwenye kioo nazo zinaazima RAM hiyohiyo, hivyo kila unachoongeza kinasaidia pande mbili. Ukweli ni kwamba nilimwambia pia atoe ile hadidiski aweke SSD na nadhani hiyo ndo ilimfurahisha zaidi, lakini tuko kwenye RAM.

Wenye Ryzen zenye picha ndani, 3200G, 3400G, 5600G, hao ndo wasijaribu kabisa kukaa na RAM moja. Nimeona mtu anakata tamaa na 3200G yake kwamba gemu zinakatakata, kumbe ana RAM moja ya GB 8 ya 2400, ukimwekea mbili za 3200 ni kama umembadilishia mashine. Na ukiwa na sloti nne usizijaze ovyo, kwenye bodi nyingi RAM mbili zinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimekuta watu wameziweka ya kwanza na ya pili, wanalipa RAM mbili wanapata chaneli moja. Bodi za Dell na HP za ofisini zina mpangilio wao, angalia rangi za sloti au mchoro uliobandikwa ndani ya mfuniko.

Sloti nne zinanikumbusha mpiga vidio wa harusi. Huyu ni mtu wa kazi, anahariri 4K, ana Ryzen 9 7900 na RAM mbili za GB 16 za DDR5 ya 6000, EXPO (ndo XMP ya AMD kwa DDR5) imewashwa, kila kitu safi. Kazi zikaongezeka akataka GB 64, akafanya kitu ambacho mtu yeyote angekifanya, akanunua nyingine mbili, kampuni ileile, namba ileile, akajaza sloti zote nne. Kioo cheusi. Akasubiri, cheusi. Akaniletea usiku, kesho yake ana harusi ya kukabidhi.

Hapa kuna mambo mawili yamechanganyika. La kwanza, bodi za AM5, zile za hizo Ryzen 7000, ukibadilisha RAM zinachukua dakika kadhaa kuijifunza hiyo RAM kabla hazijaleta picha, kioo ni cheusi, feni zinazunguka, na watu wengi wanazima katikati wakidhani imekufa, wakiwasha inaanza upya kujifunza, wanazima tena. Subiri. Kanywe chai. La pili ndo lilikuwa tatizo lake hasa, AMD kwenye hizo Ryzen 7000 wameandika 5200 kwa RAM mbili, na 3600 kwa RAM nne. Sio mzaha, nne zinashuka mpaka 3600. Hiyo 6000 yake tayari ilikuwa ni kupandisha juu ya kiwango, RAM mbili prosesa ilivumilia, nne ikashindwa kuwaka kabisa. Nikafuta mipangilio ya BIOS, nikaacha iwake bila EXPO, ikawaka, GB 64 ndani, spidi 3600. Nikamwambia chagua, unahariri leo na GB 64 za 3600 au natoa mbili urudi kwenye 32 za 6000. Akachagua 64 akamaliza harusi yake. Wiki iliyofuata akaziuza zote nne akachukua mbili za GB 32, na EXPO ikarudi. Kununua mbili kubwa mwanzoni ni rahisi kuliko kuongeza mbili ndogo baadaye, kwa DDR5 hili nalisema kila siku, na kwa kweli wauzaji wengi hawalisemi.

Kupandisha kukiwaka usidhani ndo kumekubali. Kuna mashine inawaka na XMP vizuri, unatumia siku mbili tatu, afu Windows inaanza kuleta ule ukurasa wa bluu, faili za zip zinasema zimeharibika, gemu inajifunga yenyewe. Mtu anapiga Windows upya mara ya ngapi sijui. Mi nikishawasha XMP kwa mteja naweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi naiacha inazunguka usiku kucha, umeme ukikubali, ikileta hata kosa moja nashusha hatua moja chini, 3200 inakuwa 3000, narudia.

Na la mwisho kwa wanaotaka kununua mpya saivi. Prosesa kama i5-12400 zinakubali DDR4 ya 3200 na DDR5 ya 4800, zote mbili, hiyo ni kweli, lakini bodi karibu zote ni za aina moja tu. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 ila mkato umehama na voliti ni tofauti, haziingiliani. Dada mmoja alinunua bodi ya B660 na RAM kwenye maduka mawili tofauti, kila muuzaji akamwambia "hii ni ya i5-12400 haina shida", na kila mmoja alikuwa sahihi kivyake. Bodi ilikuwa ya DDR5, RAM za DDR4. Bahati nzuri hakulazimisha kwa nguvu, nimeshaona sloti iliyopasuka. Bodi nyingi za DDR4 za kizazi hicho zina D4 au DDR4 mwishoni mwa jina lake, kwenye boksi. Akairudisha bodi ndani ya boksi lake, mwenye duka akambadilishia yenye D4 na chenji ikabaki, kwasababu ya DDR4 ilikuwa na bei ndogo.